Vidole vya Papa na Sanduku la Lilongwe

Enzi zetu, sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, wakati kule nyumbani Kongo vita vinatulia leo na kulipuka kesho, kompyuta tuliijua kwanza kwenye ubao. Sisemi ubao wa darasani. Nasema kipande cha mbao kilichong'olewa kwenye kreti, kikakwanguliwa kwa kisu, kikachorwa vibonyezo kwa mkaa. Hakikuwa na waya wala kioo, na ukikigusa hakikutoa kitu ila mlio wa kucha. Najua vijana watacheka. Wacheke tu. Wao wamezaliwa wakaikuta simu chini ya mto wa mama zao, na mtandao ukikatika kidogo wanazunguka uani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.

Mimi leo ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko karibu na soko la kambi, na hesabu zangu ni za viuno na mabega. Lakini toka utoto nimeistaajabia hii mitambo na hesabu zinazoiendesha, na sababu yake ni jambo lililotokea kwetu, kati ya Papa na dada yangu Furaha. Nalisimulia kwa ajili ya wale wa rika langu, ambao watajua ninachosema hata nikisema nusu.

Nakumbuka asubuhi za mwezi wa sita, baridi ya Dowa, wilaya yenye kambi yetu, inaingia mpaka kwenye mifupa, ukungu umekaa juu ya vilima na moshi wa kuni umekaa chini ya ukungu. Tulipanga madumu kwenye bomba kabla jua halijachomoza, kisha tukacheza mdako pale pale kwenye foleni, kokoto moja juu, nyingine mkononi, huku tunahesabu kwa lugha nne. Mtoto wa Kirundi alihesabu kwa Kirundi, sisi wa Uvira kwa Kiswahili na Kifaransa, na wenyeji waliokuja kuuza nyanya walituhesabia kwa Chichewa ili tusiibe. Wavulana walikuwa na magari ya waya na mpira wa mifuko ya plastiki. Jioni tulikula nsima, ugali wa Malawi, na maharage, na siku Mama akipata majani ya muhogo akapika sombe, nyumba nzima ilinyamaza. Samaki wadogo wa ziwa la Malawi walikuwa watamu, siwasemi vibaya, lakini Mama kila akiwakaanga alisema, "Hii haiko ndakala ya kwetu," yaani dagaa wa Tanganyika. Akawala hivyo hivyo mpaka mfupa wa mwisho.

Shule ndiyo iliyonifungua macho kwanza. Kule Uvira, nyumbani Kongo, tulifundishwa kugawanya kwa mtindo wa Kifaransa: namba inayogawanywa inakaa kushoto, inayogawa inakaa kulia, na jibu linajengwa chini yake. Malawi wao jibu linakaa juu, kwenye paa. Siku ya kwanza mwalimu wetu, mama mmoja Mmalawi mwenye sauti ya kanisani, alikuja na kalamu nyekundu, akaangalia daftari langu, akainua kalamu, akaishusha. Akaangalia tena jibu. Akageuza daftari juu chini kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Mwishoni akacheka, akaweka alama ya vema. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia Mama kwamba nyumba ya hesabu zetu inatazama upande mwingine na bado jibu ni lile lile. Mama hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema, "Hesabu haiombake kibali ya kutoka kambi." Nimeshona nguo nyingi tangu siku ile na bado naicheka ile kauli.

Sasa Papa. Papa alikuwa karani wa kupiga mashini ya chapa katika ofisi moja pale Uvira, na kupiga mashini ndiyo ilikuwa fahari yake yote. Alifunika mikono kwa kitambaa cheupe, akatazama dirishani, na vidole kumi vikaandika barua nzima bila kosa. Alimfundisha Furaha, binti yake wa kwanza, tangu akiwa mdogo, kwa kitambaa kile kile. Mimi nilikuwa bado natambaa. Mama alikuwa akisema kwamba ukisikiliza kutoka jikoni huwezi kujua anayepiga ni baba au ni binti.

Halafu Furaha akapenda kijana wa Kindu, Shabani, muuza vitenge, Mwislamu. Papa alikuwa mzee wa kanisa. Sitaki kumfanya Papa kuwa mtu mbaya, hakuwa, lakini alikuwa na kichwa kigumu na maneno yaliyotoka kabla ya kufikiriwa. Mbele yetu wote alimwambia: "Ukitoka na ule kijana, usirudie kubisha kwangu." Furaha akatoka. Haikupita muda vita vikaingia Uvira, watu wakatawanyika, sisi tukavuka ziwa kwenda Kigoma na baadaye kushuka mpaka Malawi, na Furaha hatukujua yuko wapi. Mama alikuwa akipika, akipanga sahani, kisha anaondoa moja. Papa aliiona ile sahani inavyoondolewa.

Ule msemo wa kufa na tai shingoni mimi niliuona kwa macho. Papa alifika Dzaleka na tai moja, na kila asubuhi aliivaa, akakaa nje ya nyumba yetu ya udongo, bila ofisi, bila mashini, vidole vinacheza juu ya goti. Mwishowe akachukua mbao za kreti, akachora vibonyezo, akawaita watoto wa kitongoji. Ndiyo ikawa shule yetu ya jioni. Tulikaa chini mstari mmoja, kila mtu na ubao wake, khanga ya Mama imefunika mikono yetu. Papa alitaja neno, sisi tunaliandika juu ya mbao. Hakuna kilichoandikwa popote, lakini yeye alijua nani kakosea, kwa kusikiliza tu kucha iligonga wapi. "We, Neema, kidole kimechoka, imeenda kulala kwa jirani." Neema ndiye mimi. Majirani walimwona Papa kama mtu aliyeguswa akili na vita. Sisi watoto tulimwona kama mchawi, na tulimpenda.

Ndipo ikafika habari kwamba Furaha yuko hai. Mfanyabiashara mmoja wa Kindu, aliyekuwa na duka dogo humo kambini na jamaa zake Bujumbura, alisikia kwamba Shabani na mkewe wako kule, wamepanga chumba. Mama alipiga magoti pale pale dukani, mbele ya magunia ya chumvi. Papa aliuliza, "Iko muzima?" Akaambiwa mzima. Akaenda kukaa nje. Mama akamfuata, na sisi tukasikia kupitia ukuta: "Umuite mutoto." Papa akajibu kwamba hawezi kumwita mtu aliyemfukuza, midomo inakataa. Mama akasema, "Basi ita na vidole."

Pale City Centre, Lilongwe, kulikuwa kumefunguliwa chumba cha intaneti. Papa aliomba kibali cha kutoka kambi, akafunga tai, na akanichukua mimi kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa Kiingereza cha shule. Tulitoka kwa kabaza, mimi nyuma ya baiskeli moja na Papa nyuma ya nyingine, tai inapepea, mpaka kwenye basi. Lilongwe ilinishangaza kwa majengo yaliyojitenga tenga kama watu waliogombana. Chumba chenyewe kilikuwa na baridi na harufu ya zulia jipya, na mashine zimejipanga kimya. Niliziangalia zile mashine na nikafikiri: humu ndani ya waya, kuna Bujumbura. Sikujua inawezekanaje. Mpaka leo nikieleweshwa naelewa, halafu nikibaki peke yangu nashangaa upya.

Hapa lazima niwaeleze vijana jambo moja. Kwetu Uvira, nyumba moja ilikuwa na sanduku moja la posta. Barua za baba, za mama, za shangazi aliyekuja kukaa, zote ziliingia humo, na kila aliyekuwa wa nyumba alijua ufunguo unakaa wapi. Kwa hiyo Papa aliposikia sanduku la barua la kompyuta, hakuwaza kwamba kila mtu awe na lake. Aliwaza sanduku moja la nyumba, yeye aingie kutoka Lilongwe, Furaha aingie kutoka Bujumbura, kila mmoja aache maneno humo na kukuta ya mwenzake. Mkimcheka fikirini kwanza. Kumpa mtu ufunguo wa sanduku lako ndiyo kumwambia bado ni wa nyumba hii.

Dada Mmalawi aliyesimamia chumba alitusaidia kwa upole. Jina la sanduku tuliandika pamoja, herufi baada ya herufi, yeye akionyesha kwa kalamu. Kisha akasema, nami nikatafsiri, kwamba sasa Papa aandike neno la siri, mara mbili, na hakuna mtu wa kuangalia. Akageuka. Papa akaniambia nigeuke pia. Nikasikia vidole kumi vinashuka kama mvua fupi, vikanyamaza, vikashuka tena. Kwenye kioo vilionekana vidoti tu. Mashine ikakubali. Papa alitabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona toka Uvira. Njiani aliniambia ufunguo: Zawadi, jina la mama yake mzazi, aliyempenda Furaha kuliko wajukuu wote.

Fahari haikudumu. Alipoanza kuandika barua yenyewe, akitazama dirishani kama zamani, nilitazama kioo nikaona maneno yasiyosomeka. Kila penye A palikuwa na Q. Papa aliposhusha macho alishtuka kama mtu aliyeona kivuli chake kimevaa kofia. Dada Mmalawi akaja, akasema, "Pepani, bambo," yaani pole, mzee, na akatuonyesha. Mashini za Kifaransa zinaanza na A na Z pale juu kushoto. Za Kiingereza zinaanza na Q na W. A ya Papa ilikuwa imekaliwa na Q, na Z na W walikuwa wamebadilishana viti. Papa akavua miwani, akaifuta, akaandika barua yote upya kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele. Ilimuuma. Aliandika hivi, kwa lugha ya kwetu ambamo ndiye ni njo, nakumbuka kwa sababu alinisomea: "Furaha, mi njo baba yako. Mlango iko wazi."

Mfanyabiashara wa Kindu alipeleka habari kwa mdomo, kwa sababu karatasi njiani ilikuwa inaleta maswali. Jina la sanduku ni hili, ufunguo ni jina la bibi yake. Baada ya muda jibu likaja kwa mdomo pia: ujumbe umefika, Furaha ameusikia, amelia.

Tukangoja.

Kila Papa alipopata kibali tulikwenda. Alikaa, akanigeuza uso, mvua fupi ya vidole, sanduku likafunguka. Mle ndani barua zake zilikuwa zimelala kama alivyoziacha, zimeandikwa kwa herufi nene, kwa sababu mashine inanenepesha barua ambayo haijafunguliwa. Papa hakuzigusa, makusudi, ili ajue kama Furaha amefika. Aliongeza nyingine kwa kidole kimoja, na nyingine. Alimwandikia habari za ubao, za Mama, za baridi ya Dowa. Aliandika kwamba Shabani akija ataswali kwenye chumba cha nyuma na hakuna atakayemsumbua. Kwa Papa hilo lilikuwa neno kubwa kuliko samahani. Na kila tukirudi, herufi bado nene. Mara moja alisema, kwenye basi la kurudi, akitazama mahindi ya watu nje: "Ako na ufunguo. Hataki tu." Mama alipoulizia, mimi ndiye niliyejibu.

Watoto wa kitongoji hawakujua huzuni hiyo. Wao shule ya ubao iliendelea, na tena ikanoga, kwa kuwa Papa sasa ameona kompyuta kwa macho yake. Tulicheza mchezo wa kutumiana barua: huyu anagonga ubao wake huku, yule anagonga kule ng'ambo ya uchochoro, mtoto mdogo anakimbia kati yao akipiga kelele maneno waliyoandika. Yeye ndiye alikuwa intaneti. Akijikwaa akaanguka, tulisema mtandao umekatika. Vijana wa leo, hiyo kasi mnayoilalamikia, sisi tulimfuta kamasi kwanza ndipo akaendelea.

Halafu siku moja, Lilongwe, Papa alifungua sanduku, akasogeza kichwa mpaka karibu na kioo. Nikageuka bila ruhusa. Barua zote zilikuwa zimekonda. Zote, toka ya kwanza. Na juu yao ilikaa moja mpya, nene, ambayo hatukuiandika sisi. Ilikuwa fupi:

"Pqpq niko ndqni."

Mimi nilidhani mashine imeharibika. Papa aliisoma mara moja, kama mtu anayesoma mwandiko wa nyumbani. Papa, niko ndani. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya zile Q. "Hajaangalia mikono," alisema. "Unaona? Hajaangalia mikono. Huyu njo wangu." Na akalia, na tai yake, mbele ya watu wa benki na mashirika waliokuja kusoma barua zao, na yule dada Mmalawi akajifanya anapanga karatasi.

Furaha alikuwa amekimbia Bujumbura kulipochafuka, akafika Kigoma na mume na mtoto. Kutoka Kigoma walishuka kwetu kwa njia ile ile tuliyopita sisi. Mtoto walikuwa wamempa jina la bibi, Zawadi. Shabani akapewa chumba cha nyuma. Mama akaongeza sahani, na akaongeza nyingine.

Ningeweza kuishia hapo na mngeridhika. Lakini ndani ya nyumba kulibaki kitu. Papa na Furaha walikuwa wapole mno. Walipeana chumvi kwa heshima kama wageni. Papa hakuwahi kumuuliza kwa nini aliziacha barua zake zikiwa nene miezi yote ile. Furaha naye hakuwahi kuuliza alichotaka kuuliza, na sisi hatukujua kwamba ana swali. Kwetu mtoto hamuulizi baba jambo kama hilo, na baba hajishushi. Vita vya kule Kongo vikatangazwa kwamba vimekwisha, vikawa havijaisha, tukakua, tukaolewa, ubao ukawa kuni.

Mwaka juzi Zawadi, yule mtoto, sasa binti mkubwa anayejifunza kompyuta hapa hapa kambini, alimnunulia babu yake simu ya kugusa. Anajua mambo ya kompyuta kuliko tulivyojua sisi nyimbo. Akakaa naye uani amfungulie lile sanduku la zamani, ambalo Papa hakuacha kulitembelea. "Babu, ufunguo?"

"Jina yako."

Zawadi akaandika. Simu ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. "Babu, umesahau."

"Mi nisahau jina ya mama yangu?" Papa alifoka mpaka mbuzi wa jirani akainua kichwa. "Hiyo simu ni ya mwizi."

Zawadi, kwa kumtuliza, akampeleka kwenye chumba wanachojifunzia, na sisi tukafuata kama msafara wa harusi, Furaha na mimi nyuma. Papa akakaa mbele ya kompyuta, akanyoosha tai, akatazama dirishani. Mvua fupi. Sanduku likafunguka. Watoto wa darasani wakapiga makofi. Zawadi peke yake hakupiga. Alikunja uso, akafungua ukurasa mtupu, akasema, "Babu, andika tena kile kile, hapa penye tunaona."

Papa akatazama dirishani, akaandika. Kwenye kioo ikatokea: wqzqdi.

Kicheko kilichotoka mle ndani kilisikika sokoni. Miaka yote ile Papa hakuwahi kuandika jina la mama yake. Vidole vyake vilikwenda kwenye Z ya Uvira vikagonga W ya Lilongwe, vikatafuta A vikagonga Q, mara mbili siku ile ya kwanza, kosa lile lile sawasawa, na mashine ikalipokea. Zawadi alinieleza baadaye kwamba kompyuta haijui neno lako lina maana gani, na wala hailiweki kama ulivyoliandika. Inalisaga, kama mahindi kwenye chigayo, na inaweka unga. Ukirudi na mahindi yale yale, unga unatoka ule ule, mlango unafunguka. Hakuna anayeweza kuurudisha unga ukawa mahindi. Mimi mshona nguo nilisimama pale mdomo wazi. Mtu fulani mahali fulani alikaa na kalamu akaifikiria hesabu hiyo, na ikamhudumia karani mkaidi wa Uvira bila kumuuliza kama anajua kuandika. Nilimwombea heri huyo mtu, popote alipo.

Lakini Furaha hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kinywani.

"Papa," alisema, "Bujumbura mashini zao ni za Kifaransa."

Papa akageuka.

"Nilikuwa naandika Zawadi. Muzuri kabisa. Ilikuwa inakatala. Nilikuwa naenda kila mwisho wa juma, na mutoto mugongoni, naandika jina yake mwenyewe, inakatala. Nilisema, Papa amebadilisha ufunguo. Nilisema, amenipa ufunguo ya uongo ili nijue mlango imefungwa kweli."

"Na Kigoma?" Papa aliuliza, polepole.

"Kigoma ilifunguka. Sikuangalia mikono. Nilisema tu, hasira yake imepoa."

Ndipo nikaelewa ile heshima yao ya kupeana chumvi. Bujumbura aliandika sawasawa akakataliwa, na Kigoma, kwenye mashini ya Kiingereza, alikosea kama baba yake alivyokosea, kidole kwa kidole, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha.

Papa alisimama. Ni mzee sasa, kusimama kwake ni kazi. "Kumbe ulikuya kubisha," alisema.

"Nilibisha, Papa."

"Na mi nilikuwa ndani. Nilikuwa ndani siku zote, nakungoja." Akamshika binti yake mikono yote miwili, akaitazama ile mikono, kitu ambacho alikuwa amemkataza toka utotoni. "Nisamehe, mama yangu." Neno lile midomo yake iliweza kulitamka baada ya miaka yote hiyo.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi, na mimi siyachukii, nayapenda. Naongea na shangazi yangu Uvira uso kwa uso huku napiga pindo. Mtoto akisahau neno la siri anabonyeza mahali, anapewa jingine kabla chai haijapoa. Simu yangu yenyewe inafunguka ikiniona uso, hata nikiwa sijanawa. Ila wakati mwingine nakumbuka basi la kutoka Lilongwe na mzee mwenye tai anayetazama mahindi ya watu, na naona kwamba sisi tulikuwa tunafungua huku moyo unapiga, kwa sababu hatukujua ndani tutakuta nini.

Jioni ile ile Zawadi alitaka kumalizia kazi yake. Alimwambia babu yake kwamba ule ufunguo ni dhaifu, sasa kambi nzima imeuona, auondoe, aweke wa uso kwenye simu, hakuna mwingine atakayeingia. Papa akafikiri.

"Sasa ule mwenye iko mbali," aliuliza, "yeye ataingia na uso ya nani?"

Zawadi akaiweka simu chini. Ufunguo tulibadilisha, kwa hiyo msijisumbue kujaribu. Mpya alichagua Furaha. Alikaa mbele ya kompyuta ya darasa la Zawadi, akavua kitenge cha begani akafunika mikono yake, akatuambia wote tugeuke. Tukageuka. Mama, aliyekuwa amekuja kuona kelele ni za nini, alisimama nasi akiutazama ukuta, akasikiliza vidole, akauliza kwa sauti ya chini ni nani anayepiga, baba au binti.